Siri ya Mtungi na Kata

Wahenga walisema kuwa siri ya mtungi aijuaye kata. Methali hii niliisikia utotoni nikaiona ni methali ya maji tu. Sasa nimezeeka, na ninaishi katika mji ambao neno kata lina maana mbili. Kuna kata ya kifuu chenye mpini, tuliyochotea maji mtungini, na kuna kata ya serikali, yenye ofisi, bendera, muhuri na benchi la kusubiria. Ile kata ya kwanza huijua siri ya mtungi kwa sababu huingia ndani kila siku na kutoka na maji ya kunywa. Swali ninaloliuliza katika kurasa hizi ni kama kata ya pili nayo yafaa kuijua siri hiyo, na ikishaijua, inawajibika kwa nani.

Ndugu msomaji, siri ninayoizungumzia ni ujuzi wa dawa za miti. Sitaki nionekane mtu wa kuwahukumu wengine, kwa hiyo nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Mama yangu mkubwa alikuwa na meza ya dawa karibu na Soko la Kariakoo, upande wa Mtaa wa Tandamti. Alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, na mizizi yake mingi ilitoka huko, ikiletwa kwa viroba kabla jua halijachomoza. Juu ya meza yake palikuwa na magome, mizizi iliyofungwa kwa ukindu na majani makavu, na kando yake vitu vilivyovuka bahari kama ubani, mvuje na habasoda. Vitu hivyo kila mpita njia aliviona na aliweza kuvinunua. Lakini dawa zenyewe hazikuwa pale mezani. Zilikuwa kichwani mwake: mzizi upi uende na gome lipi, vichemshwe kwa muda gani, apewe nani, na nani asipewe hata akilia.

Mwaka 2011 nchi nzima ilikuwa imezungumzia kikombe cha Loliondo. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, aliyefariki mwaka 2021, aliwagawia watu dawa katika kijiji cha Samunge kwa shilingi 500 kikombe, na misururu ya magari ilikuwa haina mwisho. Wako wagonjwa walioacha dawa za hospitali kwa ajili ya kikombe kile, wakaumia. Baada ya hapo kila mwenye mamlaka alianza kuuliza waganga ni akina nani, wako wapi, na wanawapa watu kitu gani. Sheria ilikuwapo tayari. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ilipitishwa mwaka 2002, nayo ndiyo iliyoanzisha Baraza la kuwasajili waganga. Anayetaka kusajiliwa huanzia kwa viongozi wa mahali anapoishi, wathibitishe kwamba wanamfahamu.

Wakati huo nilikuwa mjumbe wa serikali ya mtaa mmoja ambao sitautaja. Mwaka 2012 tulitakiwa tuwatambue waganga na wauza dawa wa eneo letu. Wenzangu walinipa mimi kazi hiyo kwa sababu nilikuwa mwalimu mstaafu na mwandiko wangu unasomeka. Nikanunua daftari kubwa, nikapiga mistari. Safu ya kwanza ilikuwa ya jina, ya pili ya mahali, na ya tatu ya dawa na matumizi yake. Safu hiyo ya tatu hakuna mtu aliyeniagiza niipige. Niliipiga kwa bidii yangu mwenyewe, kwa tabia ya mwalimu asiyependa kuona ukurasa umebaki na nafasi.

Wauzaji wengine walipofika kwenye safu ya tatu walicheka, wakasema, "Andika mizizi, Mwalimu." Nikaandika mizizi. Lakini mama mkubwa nilikwenda kwake jioni, nyumbani, nikamwamkia shikamoo, nikanywa chai yake, na alipoona daftari akaniuliza, "Wataka niseme yote?" Nikamwambia, "Yote, mama, ili wakuheshimu." Akasema taratibu, nami nikaandika, dawa baada ya dawa, mpaka taa ikawashwa. Mjukuu wake alikuwa pembeni akitwanga. Ilinichukua miaka kuelewa lililotendeka usiku ule. Mama mkubwa aliniambia mimi kwa kuwa ni mwanawe, hakuiambia ofisi. Mimi nikaipelekea ofisi neno aliloambiwa mtoto.

Daftari likatolewa nakala, na nakala ikatolewa nakala nyingine. Nani aliyezichukua sijui, na sitaki kumsingizia mtu. Ninachojua ni kwamba mwaka 2014 mwanamke mmoja alikuja mezani kwa mama mkubwa na kopo la plastiki lenye unga na karatasi nzuri iliyochapwa. Alitaka kujua kama binti yake, aliyekuwa na mimba ya miezi minne, angeweza kuinywa dawa ile. Mama mkubwa hakujua kusoma vizuri. Alifungua kopo, akanusa, akaonja kwa ncha ya ulimi, kisha akaagiza niitwe nimsomee. Nikasoma majina ya miti mitatu na maradhi yanayotibiwa. Mpangilio ulikuwa ule ule, na maneno yalikuwa yangu, hata koma nilipoiweka ilikuwa mahali pake.

"Mwambie bintiyo aitupe," mama mkubwa alimwambia yule mwanamke. "Hii haipewi mwenye mimba."

Onyo hilo aliniambia mimi pia usiku ule wa daftari. Nalikumbuka vizuri. Sikuliandika kwa sababu safu ilikuwa nyembamba.

Yule mwanamke alipoondoka, nilimwambia mama mkubwa kwamba kesho yake ningekwenda ofisini nikaichane ile karatasi. Akaniangalia kwa muda mrefu. "Karatasi utaichana, baba," akasema. "Na waliokwisha kuisoma, nao utawachana?" Hakunigombeza tena siku hiyo, wala siku nyingine. Ingekuwa afadhali angenigombeza.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiuliza kosa langu hasa lilikuwa lipi. Jibu la haraka ni kwamba nilitoa siri. Jibu hilo halinitoshi, kwa sababu siamini kwamba kila siri ni njema, wala kwamba ofisi ni adui.

Tuitendee haki ofisi kwanza. Mwaka 1928 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya uchawi, na chini ya sheria ya namna hiyo mganga aliishi akimkwepa bwana shauri, kwa kuwa mpaka kati ya uganga na uchawi uliwekwa na mtu asiyeujua uganga wala uchawi. Baada ya uhuru mambo yalianza kugeuka. Mwaka 1974 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha kitengo cha utafiti wa dawa za asili pale Muhimbili, ambacho baadaye kilikuwa taasisi kamili. Shughuli za tiba ya asili zilihamishiwa Wizara ya Afya mwaka 1989, na mwaka 2002 ikaja ile sheria niliyoitaja. Mtu aliyekuwa akijificha sasa anapewa cheti na kukitundika ukutani. Hilo si jambo dogo, na mwenye kulibeza hajui wazee wetu walipitia nini.

Tena ofisi ina sababu ya kutaka kujua. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli chonganishi kwa sababu ya mauaji ya watu wenye ualbino, mauaji ambayo yalichochewa na watu waliojiita waganga. Mtu anayeuza dawa akakataa kabisa kujulikana jina lake na nyumba yake, mimi pia ninamwogopa. Mgonjwa akidhurika ni lazima tujue pa kubisha hodi. Kwa hiyo safu ya kwanza na ya pili za daftari langu sizijutii.

Wapo watakaosema kwamba hata ile ya tatu nisiijutie, maana miti ni ya Mungu na ujuzi wake ni wa watu wote. Wao hutoa mfano wa mwarobaini. Nani wa kudai kwamba mwarobaini ni wake? Uko kwenye nyua za Ilala na Magomeni, kila mama anajua kuchemsha majani yake mtoto akipatwa na homa, na mti wenyewe asili yake ni Bara Hindi. Mfano huu ni mzuri kuliko wanavyodhani wanaoutoa, na nitaueleza kwa urefu kidogo.

Mwaka 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliipa kampuni ya W. R. Grace pamoja na Wizara ya Kilimo ya Marekani hataza juu ya njia ya kutumia mafuta ya mwarobaini kuua ukungu wa mimea. Hataza ni hati inayompa mtu haki ya kuwazuia wengine wasitumie uvumbuzi wake bila idhini. Watu wa India na wenzao wa Ulaya wakapinga, wakaleta ushahidi kwamba wakulima wa India walikuwa wakiyatumia mafuta hayo siku nyingi. Hataza ikafutwa mwaka 2000, na rufaa ikatupwa mwaka 2005. Mti uliokolewa kwa sababu ujuzi wake ulikuwa wazi na ulikuwa na mashahidi. Kutokana na mambo kama hayo, mwaka 2001 India ilianza kuunda maktaba kubwa ya maarifa yake ya dawa, ikayaandika kwa lugha ambazo ofisi za hataza za nje zinazielewa. Kwa hiyo kuandika peke yake si dhambi. Lakini tazama walivyofanya: waliyatoa katika vitabu vya kale vilivyokwisha kuwa wazi, tena maktaba yenyewe hawakuitupa sokoni. Waliziruhusu ofisi za hataza ziisome kwa makubaliano, ili wachunguzi waweze kusema, "Hili si jipya." Mimi daftari langu sikulifungia popote.

Upande wa pili kuna habari ya Wasan wa kusini mwa Afrika. Wawindaji wao walikuwa wakitafuna mmea uitwao hoodia kuzuia njaa na kiu jangwani. Katika miaka ya 1990 taasisi ya utafiti ya serikali ya Afrika Kusini, CSIR, ilichukua hataza juu ya kile kinachozuia njaa ndani ya mmea huo, na Wasan wenyewe hawakuulizwa. Waliposikia walilalamika, na mwaka 2003 wakatiliana saini makubaliano ya kugawana mapato. Ona hapa kwamba aliyechukua hakuwa mgeni kutoka ng'ambo. Ilikuwa taasisi ya umma ya nchi yao wenyewe. Tumezoea kumchunga mgeni mwenye begi na kamera, na kwa mwenzetu mwenye muhuri tunalala usingizi.

Dunia nayo imekuwa ikiamka polepole. Mkataba wa Bioanuwai wa mwaka 1992 ulizitaka nchi ziheshimu maarifa ya jamii za asili na za mahali. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 ikaongeza habari ya idhini na mgawo wa faida. Mei 2024, mjini Geneva, nchi wanachama wa Shirika la Miliki Ubunifu Duniani zilipitisha mkataba unaomtaka anayeomba hataza ataje rasilimali na ujuzi alioutegemea umetoka wapi. Haya yote ni mema. Lakini nikikaa Kariakoo nikayasoma, nakutana na neno moja linalonisumbua, nalo ni jamii.

Wasan walikuwa na baraza lao la kutia saini. Kariakoo nani atatia saini? Mtaa huu ulipata jina lake kutokana na wapagazi wa vita vya kwanza vya dunia, waliotoka kila pembe. Wazaramo, Wandengereko, Wamanyema, Wanyamwezi, Waarabu, Wahindi na Wangazija wamekaa nyumba kwa nyumba, wameoana, na wameugua pamoja. Dawa ya mama mkubwa ilikuwa na mzizi wa Kisarawe, na namna ya kuuchemsha alifundishwa na jirani wa Kimanyema, na ubani ulitoka Usomali. Ukiuliza hii ni mali ya kabila gani, hupati jibu. Hapo ndipo kishawishi kinapoingia. Kwa kuwa jamii haionekani, serikali ya mtaa husema, "Basi jamii ni sisi. Tulichaguliwa." Nami nilikuwa mmoja wao, kwa hiyo naijua ladha ya maneno hayo.

Tulichaguliwa, ndiyo. Tulichaguliwa tushughulikie mitaro, taka, ulinzi, ugomvi wa wapangaji na barua za utambulisho. Hakuna mpiga kura hata mmoja aliyetukabidhi mkoba wa uganga. Mkoba hurithiwa kwa njia nyingine, ambayo ina masharti yake.

Hebu tuyatazame masharti hayo, kwa kuwa lugha yetu imeyahifadhi. Mwanafunzi wa fundi yeyote wa zamani, awe seremala, nahodha au mganga, akishahitimu hutoa kilemba. Kilemba ni zawadi kwa fundi, lakini ni zaidi ya malipo. Ni kukiri mbele ya watu kwamba nimefundishwa na fulani, kwamba nikiharibu nimemwaibisha yeye, na kwamba sina ruhusa ya kumfundisha kila mtu nikutanaye naye barabarani. Mwanafunzi wa mganga alikaa miaka akichimba mizizi, akiona wagonjwa wakipona na wengine wakifa. Onyo la "asipewe mwenye mimba" halikuhitaji safu ya daftari, kwa kuwa alimwona yule mwenye mimba akinyimwa dawa.

Mimi nilipokea ujuzi wa mama mkubwa kama karani anavyopokea fomu. Sikuchimba mzizi wala sikutoa kilemba, na hakuna mtu ambaye ningemwaibisha. Nikaubeba ujuzi, masharti yake nikayaacha pale barazani. Hapo ndipo naliona kosa langu. Dawa ikitengana na anayewajibika kwayo, hutengana pia na maonyo yake, na hatari inamwangukia mtu ambaye hakuwahi kuwapo kwenye mazungumzo, yaani yule binti wa mimba ya miezi minne.

Kiswahili kina neno jingine zito, nalo ni amana. Amana ni kitu unachowekewa ili ukirudishe kama kilivyokuwa. Ukiwekewa fedha unaweza kuzirudisha, na ukiwekewa mbuzi unamrudisha na pengine na mtoto wake. Ujuzi ukishaupokea huwezi kuurudisha. Hata ukitaka kwa moyo wako wote, huwezi kutojua ulichokwisha kukijua. Ndiyo maana mtu mwaminifu anapoambiwa, "Niwekee hili neno," husita. Ofisi yenye watumishi wanaohamishwa na mafaili yanayohama makabati ilipaswa isite zaidi ya mtu mmoja.

Basi serikali ya mtaa ifanye nini? Kwa maoni yangu iwe shahidi. Shahidi wa ndoa husimama, husikia ridhaa ya pande mbili, na kesho wakikanushana husema alichokiona. Lakini kwa kushuhudia kwake haoi, wala hadai chumba ndani ya nyumba ya maharusi. Serikali ya mtaa inajua kazi hiyo kuliko kazi nyingine yoyote, maana barua za utambulisho ndizo tunazoandika kutwa. Ithibitishe kwamba mganga huyu anaishi hapa na majirani wanamfahamu. Akija mtafiti au mfanyabiashara, wakubaliane mbele yake, kwa lugha ambayo mwenye ujuzi anaielewa, na makubaliano yaandikwe: anachukua nini, kwa kazi gani, atarudi kuuliza kabla hajampa mtu mwingine, na faida ikipatikana itafika kwa nani. Hayo ndiyo maneno ya kuandika katika daftari la ofisi. Majina ya mizizi na vipimo vyake yabaki kwa wenyewe.

Najua nitaulizwa, na usalama je? Mgonjwa atalindwaje kama hatujui anakunywa nini? Swali ni la haki. Lakini kupima dawa na kutangaza dawa ni mambo mawili tofauti. Mganga anaweza kupeleka dawa yake kwa Mkemia Mkuu wa Serikali ikapimwa kama ina sumu, na aliyeipima akawajibika kutunza siri kwa kiapo cha kazi yake, kama daktari anavyotunza siri ya mgonjwa. Anayehitaji kujua aambiwe kile anachokihitaji kwa kazi yake, na ajue kwamba ataulizwa juu yake. Mjumbe wa mtaa kama mimi sikuwa na maabara wala kiapo. Nilikuwa na rula na kalamu ya wino.

Kuna pingamizi moja ambalo linaniuma zaidi, na sitalikwepa. Mficha uchi hazai. Wazee wangapi wamekufa na dawa zao kwa sababu walingoja mrithi asiyekuja? Vijana wamekimbilia biashara ya simu na nguo katika Mtaa wa Kongo, na miaka kumi ya kuchimba mizizi hakuna anayeitaka. Kama siri italindwa mpaka kaburini, imemfaa nani? Profesa John Kokwaro wa Nairobi alitoa kitabu chake cha mimea ya dawa ya Afrika Mashariki mwaka 1976, na bila shaka mengi yaliyomo humo yangekuwa yamepotea. Siwezi kumlaumu mtu kwa kuokoa kitu kisipotee.

Jibu langu si kamili. Naona tu kwamba kuogopa ujuzi usife si ruhusa ya kuuchukua kwa mtu aliye hai. Tukiogopa kwa kweli, tumsaidie mwenyewe apate mrithi. Tumpunguzie ushuru wa meza, tumtafutie kijana wa kumfundisha, msitu anakochimba mizizi usigeuzwe mkaa wote. Hayo yamo katika uwezo wa serikali ya mtaa, ya kata na ya wilaya, na hayahitaji safu ya tatu. Lakini ni kazi ndefu, na kuandika orodha ni kazi ya wiki mbili. Nadhani hiyo ndiyo sababu hasa ya kuzipenda orodha.

Mama mkubwa alifariki mwaka 2019. Mwaka uliofuata, ule wa korona, mji mzima ulianza kupiga nyungu. Tangawizi na ndimu zilipanda bei, na kila kona palikuwa na mtu anauza majani ambayo hata yeye hakuyajua vizuri. Jioni moja alinijia yule mjukuu aliyekuwa akitwanga usiku wa daftari. Sasa ni mwanamke mzima na ameishika meza ya bibi yake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Karibu."

Alikaa, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mjomba, kwako kuna daftari la bibi."

Nilikuwa nalo. Ofisini lilikuwa limetupwa pamoja na makaratasi mengine wakati wa kufanya usafi, nikaliokota nikaja nalo nyumbani. Mara mbili nilitaka kulichoma. Mara zote mbili nikakumbuka kwamba humo kuna sauti yake, na kwamba pengine ndipo mahali pekee ilipobaki. Ndivyo nilivyonaswa na kosa langu: kitu nilichokosea kukiandika sikuwa tena na haki ya kukiharibu.

Nikamletea. Juu yake nikaweka doti ya kanga mpya na ubani kidogo, vitu nilivyopaswa kumpa bibi yake mwaka 2012. Alielewa bila kuuliza. Akafungua, akasoma polepole huku kidole kikipita chini ya mistari. Kisha akaomba kalamu. Pembeni mwa safu ya tatu, katika ukingo mwembamba wa ukurasa, akaanza kuandika kwa herufi ndogo: huyu asipewe, huyu apewe nusu, hii isichemshwe kwenye sufuria ya bati. Nikamuuliza ameyajuaje yote hayo.

"Mimi nilikuwa natwanga, mjomba," akasema. "Bibi alikuwa anasema na mimi pia."

Sikutazama alichoandika. Niliinuka nikaenda kuchemsha chai, na aliporudi kwake usiku ule aliondoka na daftari lake kwapani. Wiki iliyofuata alikwenda serikali ya mtaa kuomba barua ya kutambuliwa. Nilifurahi kusikia kwamba walimwuliza jina lake, nyumba anayoishi na mahali meza yake ilipo, kisha wakamgongea muhuri.